Nafasi ya Mafunzo, Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano zimebaki. Fomu za mafunzo kwa vitendo zinafungwa Ijumaa saa kumi kamili. Asiye na nafasi anarudia mwaka. Sitii chumvi. Imeandikwa ubaoni kwa wino mwekundu, na chini yake wamepiga mstari mara mbili.

Nimepanga foleni kwa mratibu wa mafunzo. Tunamwita Mhuri, kwa sababu mhuri hautoki mkononi mwake hata akinywa chai. Nilitaka aniongezee wiki moja. Akaniuliza, kwa sauti ya kutosha watu wa nje, kama najua kuwa wanafunzi wa uhandisi wa umeme mwaka wa tatu tuko sitini na wawili, na sitini na mmoja wameshapata pa kwenda. Nikasema sikujua. Akasema sasa unajua. Foleni nzima ikageuka kutazama. Na mimi nikageuka, kana kwamba namtafuta huyo wa sitini na mbili.

Nimerudi bwenini. Mwenzangu wa chumbani, Kichwa, amevaa kofia ngumu ya njano. Amepata nafasi kwenye kituo cha kufua umeme. Hakuna aliyemwambia anunue kofia. Kainunua, na analala nayo kando ya mto. Akaniuliza mimi nimepata wapi. Nikasema ghorofa ya tisa, lile jengo la vioo, kampuni ya wahandisi washauri. Nikaongeza kuwa wamenipokea kwa mikono miwili.

Hawajanipokea. Hata kunijibu hawajanijibu. Nimewaandikia barua tatu. Katika ya tatu nimeandika kuwa ninatoka katika ukoo wa wahandisi. Sijui kwa nini nilimwambia Kichwa vile. Mdomo wangu huondoka kabla yangu, mimi nafuata baadaye kuokota vitu.

Jioni Mama amepiga simu. Anasema niende kwa Mjomba, kaka yake, fundi wa lifti. Karakana yao huchukua wanafunzi. Nikamwambia Mama, Mjomba hana hata cheti. Mimi natafuta ofisi ya wahandisi, siendi kupakwa grisi.  Mama akasema, "Haya." Ile haya yake. Naijua tangu utotoni. Ni afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuingia ghorofa ya tisa bila miadi, kwa uso wa mtu mwenye miadi. Nimevaa koti la Kichwa. Nimeliazima. Yeye bado hajui kuwa ameniazima.

Mpokezi pale ana miwani myekundu na hacheki na mtu. Akauliza kama nina miadi. Nikasema ndiyo. Na nani? Na mkuu. Mkuu yupi? Nikasema mkuu wa wakuu. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sidhani kama aliandika nilichosema. Akaniambia nikae.

Nimekaa kwa saa nne nzima. Kando yangu palikuwa na mti ndani ya chungu. Unang'aa mno, nikajua ni wa plastiki. Nikavuta jani nihakikishe. Si wa plastiki. Nikatia jani mfukoni, nikatazama dari. Mpokezi akatazama mti, kisha akanitazama mimi, kisha akaandika tena.

Saa nane akaniambia Mkurugenzi haonani na watu wasio na miadi, na barua zote zinasomwa kwa zamu. Nikauliza yangu iko zamu ya ngapi. Akasema, ipi, zile tatu? Kumbe zinajulikana! Sijajua kama hiyo ni heri au shari.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Nikiwa naondoka nimemwona Mkurugenzi mwenyewe. Mama mfupi, viatu bapa, mkoba mkubwa begani. Alipanda lifti peke yake. Peke yake! Kutoka chini hadi ghorofa ya tisa ni sekunde arobaini na moja. Nimepima mara mbili. Ndani ya lifti hakuna mpokezi, hakuna daftari, na mtu hawezi kukuacha akaondoka.

Kichwa amekuta jani mfukoni mwa koti lake. Amelinusa. Nimemwambia huenda ni la dobi.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: hotuba ya sekunde arobaini na moja. Nimeifanyia mazoezi bafuni. Inatoka sekunde hamsini na tano. Nimeondoa sehemu ya unyenyekevu.

Nimepanda lifti saa mbili asubuhi. Nikashuka. Nikapanda. Wanaoingia chini wakiniuliza naenda wapi, nasema juu. Wanaoingia juu nawaambia chini. Kufikia saa nne nimeanza kuzoeana na watu. Mhasibu mmoja wa ghorofa ya nne alinionea huruma, akanishika mkono na kunielekeza choo kilipo.

Safari ya kumi na nne, mlinzi wa mlango mkubwa akaweka buti lake lifti isifunge. Akataka kujua shughuli yangu. Mdomo ukaondoka. Nikasema nakagua lifti.

Sura yake ikabadilika pale pale. Saluti! Akaniita injinia. Akasema afadhali nimekuja, maana tangu wiki jana lifti inatikisika ikipita ghorofa ya sita na kila akiripoti anaambiwa watu wanakuja. Nikatoa daftari hili nikaandika. Niliandika "sita". Nikatafuna kifuniko cha kalamu nionekane nafikiri. Akaniuliza, lakini ni salama? Nikaupiga ukuta wa lifti makofi mawili. Nikasema haina tatizo. Akashusha pumzi, akaenda kuwatangazia wengine.

Injinia. Mtu akikuita hivyo mgongo unanyooka wenyewe. Nimepanda mara tano zaidi bila sababu yoyote.

Saa kumi kasoro Mkurugenzi akaingia. Simu sikioni. Nafasi ndiyo hiyo, nikaanza hotuba hivyo hivyo, kisogoni mwake. Nilipofika "ninatoka katika ukoo," akasema kwenye simu, "Subiri kidogo, kuna mtu hapa anasali." Akashusha sauti kwa heshima. Ghorofa ya tisa akatoka kwa kunyata.

Nimepoteza pia kifuniko cha kalamu. Siku mbovu.

Alhamisi, 6 Juni

Sijui kama niandike. Nitaandika. Hakuna atakayesoma.

Saa tatu asubuhi nilikuwa mbele ya lifti, hotuba imefupishwa. Mkurugenzi akaja na mpokezi wake aliyebeba mafaili kifuani. Sijafungua mdomo, mlinzi akanitangaza. Mama, huyu ndiye injinia mkaguzi wa lifti, jana kaikagua kutwa nzima, kasema haina tatizo. Mkurugenzi akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema ni vizuri, kwa sababu yeye ameandika barua tatu za malalamiko na hakuna aliyemjibu. Barua tatu! Nilikaribia kumpa pole kama mwenzangu.  Mpokezi alikuwa anatazama mfuko wa koti langu la kuazima.

Tukaingia. Ghorofa ya sita lifti ikatikisika, ikatoa mlio mfupi, ikasimama.

Wote wawili wakanigeukia.

Mimi, mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, alama ya juu katika somo la saketi, nikabonyeza kitufe cha tisa. Kisha cha nane. Kisha vyote, kimoja kimoja. Kisha vyote kwa mpigo, kwa viganja viwili. Mkurugenzi akauliza ninafanya nini. Nikasema naiamsha. Nilikuwa nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mpokezi akapitisha mkono chini ya kwapa langu, akabonyeza kengele.

Tukasubiri. Mkurugenzi akaniuliza ninakagua kwa niaba ya nani. Nikasema kwa niaba ya usalama. Hakuuliza tena. Kisha sauti ikatoka juu yetu.

"Tulieni humo ndani, mko salama! Nani anabonyezabonyeza vitufe? Aache!"

Sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyonifundisha kuendesha baiskeli, ikinikimbilia nyuma na kuniambia usitazame chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ilikuwa ghorofa sita chini.

Mjomba, aliyetumwa na karakana yake asubuhi ile kuja kuangalia lifti, alipanda ngazi hadi chumba cha mashine, juu kabisa. Akaishusha lifti kwa mkono, kidogo kidogo, hadi karibu na mlango wa ghorofa ya sita. Halafu akashuka zile ngazi mbio kuja kutufungulia. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kuwa anakuja. Nilikuwa na dakika kumi nzima za kufikiri. Nilizitumia kujificha nyuma ya mafaili ya mpokezi.

Milango ikafunguliwa. Mjomba anahema. Jasho, grisi kwenye paji la uso, ovaroli ile ile ambayo Mama mwenyewe alimtilia kiraka mfukoni. Akaniona. Uso wote ukachanua.

"Mpwa wangu! Kumbe ni wewe! Afadhali, tangu jana nakutafuta, nina habari..."

"Mnafahamiana?" Mkurugenzi akauliza.

"Hapana," nikasema.

Ningeishia hapo. Kwa nini sikuishia hapo?

"Mafundi hawa, mama, kwao kila mtu ni mpwa."

Mjomba akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama anavyotazama waya, akitafuta umekatikia wapi. Kisha akachomoa kitambaa, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Ni kweli, mama," akamwambia Mkurugenzi. "Nimemfananisha."

Lifti ilikuwa imesimama shubiri moja chini ya sakafu. Akampa mkono Mkurugenzi: angalia mguu, mama. Akampa mkono mpokezi: angalia mguu, dada. Kisha akanyoosha ule ule mkono kwangu.

"Angalia mguu, injinia."

Mkurugenzi akataka kujua shida ilikuwa nini. Mjomba akapiga magoti, akachokoa mfereji wa chini ya mlango kwa bisibisi. Akasema kule kutikisika ni jambo jingine, atalishughulikia Jumatatu. Kilichosimamisha lifti ni mlango. Kuna kitu kimeuzuia usifunge hadi mwisho, na lifti ikitikisika kidogo tu inadhani mlango uko wazi. Akakitoa. Kifuniko cha kalamu. Cha buluu. Kimetafunwa.

Mjomba amejua meno yangu tangu yalipoota. Nikiwa darasa la kwanza alikuwa akinitafutia kalamu zenye vifuniko vya chuma, labda nitaacha. Alikishika kile kifuniko, akakigeuza. Akakitia mfukoni, ule wenye kiraka.

"Takataka tu, mama," akasema.

Nimetembea kwa miguu hadi bwenini. Sikumwamkia hata. Tangu nijue kusema sijawahi kukutana na Mjomba bila shikamoo.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mwisho. Nimekwenda kwa Mhuri saa nane. Nilikuwa nimeandaa ugonjwa. Kikohozi, joto, kushindwa kusimama sawasawa. Sijaanza kukohoa, akavuta fomu yangu kutoka kwenye rundo na kuigonga mhuri. Paa! Akasema nafasi yangu ipo tangu Jumanne. Karakana ya lifti. Barua aliileta mjomba wangu, kwa mikono yake.

Nikasimama pale kama nguzo.

Mhuri akanieleza yote, na safari hii kwa sauti ya chini, jambo lililonitisha zaidi. Mjomba alipanga foleni na wanafunzi kwa saa mbili, na ovaroli yake. Wenzangu walidhani amekuja kutengeneza feni, wakamwelekeza ilipo. Alipofika mbele akapewa kiti. Akakataa, asije akakichafua. Alikuwa na ombi moja: nisiambiwe. Anataka kunipa habari mwenyewe, kwa mdomo wake, aone nitakavyofurahi.

Mhuri akaniuliza kama ameshanipa.

Nikasema alianza.

Nikakohoa kweli.

Mama amepiga simu, furaha tupu. Mjomba amekwambia? Amekwambiaje? Nikasema ameniambia vizuri. Umemshukuru? Nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi kabisa, nilimsikia hata anavyovuta pumzi.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa tatu: kuomba radhi bila kutaja kosa. Nimevaa shati langu mwenyewe.

Mjomba alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, pasi ya mkewe imefunguliwa mapajani. Shikamoo, Mjomba. Marahaba. Basi. Kwa kawaida marahaba yake ina mkia mrefu: marahaba mpwa, hujambo, umekula, mbona umekonda, hivyo vitabu vinakula nini kwako. Leo ilikatwa mkia.

Mkewe akanipokea kwa shangwe. Akanilaumu nimewatupa. Akasema Mjomba wiki nzima hana hadithi nyingine, ni mwanafunzi wake tu, mwanafunzi wake. Kwa hiyo hajamwambia. Hajamwambia mtu yeyote. Hilo limeniuma kuliko kama angetangaza kwa kipaza sauti.

Tukakaa. Yeye na pasi yake, mimi na mikono yangu.

"Mjomba," nikasema, "juzi mle ndani kulikuwa na giza."

"Taa ilikuwa inawaka."

"Halafu nilishikwa na kizunguzungu, mtu unaweza kutamka..."

"Haya," akasema.

Ile haya. Kumbe ni ya ukoo.

Akakaza skrubu ya mwisho. Akachomeka pasi, akaingoja ipate moto, akaigusa kwa kidole kilicholowa. Ikalia tsss. Akaridhika. Kisha akasema, bila kuinua macho, Jumatatu saa moja na nusu, jengo la vioo, nije na viatu visivyoteleza. Nikauliza kama hakuna jengo jingine. Akasema yapo mengi, ila linalotikisika ni lile.

Nikaaga. Nilipofika getini nikapiga moyo konde. Nikageuka. Nikasema, "Nisamehe." Nimesema vizuri, kwa sauti, bila kigugumizi, kama mwanamume. Mjomba alikuwa ameshaingia ndani. Aliyenisikia ni jirani yao, mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo. Akasema si neno, mwanangu, yamekwisha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeingia jengo la vioo nyuma ya Mjomba. Ovaroli niliyopewa ingetutosha wawili. Nilitumaini mlinzi hatanitambua.

Saluti! Karibu injinia! Leo umekuja na fundi wako! Kisha akamgeukia Mjomba, akamwambia ampokee injinia mkoba.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa, nililionja. Nikasema, "Asante." Mjomba akauchukua mkoba wangu, akauweka juu ya sanduku lake la spana, akabeba vyote viwili. Ana miaka hamsini na minane. Nilimfuata mikono mitupu hadi kwenye ngazi. Sijui miguu yangu ilikubalije kutembea.

Tumefanya kazi ghorofa ya sita. Mjomba hutega sikio kwanza. Analaza kiganja ukutani, anafumba macho, anasema hapa. Ukipima, ni hapo. Kisha akafungua kisanduku cha umeme na kunionyesha kifaa kidogo cheusi. Akaniuliza kitabu chetu kinasemaje kuhusu hicho. Nilidhani ananijaribu. Hapana. Alitoa daftari lake dogo na penseli, akangoja. Miaka thelathini anakibadilisha kwa mkono na sikio, na alitaka kujua wasomi wanakielezaje.

Sikukijua. Nikasema kitabu kiko bwenini.

Akafunga daftari taratibu, akasema basi siku nyingine.

Baada ya hapo nikapewa brashi, nisafishe mifereji ya milango yote, chini hadi juu. Nimetoa vifungo vya shati, mbegu, hereni moja, meno ya kitana, na karatasi ya mtu aliyeandikiwa "nimeondoka, usinitafute". Nilikuwa nimepiga magoti ghorofa ya tisa, viatu bapa vikasimama mbele ya pua yangu.

Mkurugenzi akamuuliza Mjomba kama huyu si yule mkaguzi.

Mjomba angeweza kunimaliza hapo. Au angeweza kunificha tena, kama Alhamisi. Nilimwomba kwa macho anifiche.

"Huyu ni mwanafunzi wangu, mama," akasema. "Mtoto wa dada yangu."

Alisema kwa sauti anayotajia namba ya spana. Halafu akaendelea kukaza alichokuwa anakaza.

Mkurugenzi alinitazama muda mrefu. Mimi nilitazama brashi.

"Barua tatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ya tatu inasema unatoka katika ukoo wa wahandisi."

"Ndiyo, mama." Hapo sauti yangu ilikuwa ya mbu.

Akamtazama Mjomba, grisi, kiraka na yote. Akasema hilo angalau halikuwa uongo. Akaingia kwenye lifti, akashuka zake. Lifti haikutikisika. Mpokezi akavua miwani yake myekundu, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anacheka. Ana meno mazuri, kumbe.

Tulipokuwa tunashuka, mimi na Mjomba peke yetu, nikasema. Safari hii alikuwepo.

"Mjomba, nisamehe. Nilikukana."

Akatazama namba zinavyoteremka. Tano. Nne. Tatu.

"Nimesikia," akasema. Milango ilipofunguka chini akaongeza, "Beba mkoba wako."

Nikaubeba. Nikabeba na lile sanduku la spana. Zito! Nilipita mbele ya mlinzi nimepinda kama kulabu. Akampigia saluti Mjomba, huenda kwa kuchanganyikiwa.

Ijumaa, 14 Juni

Wiki nzuri. Naona haya kukiri, lakini ni nzuri. Najua kubadilisha swichi ya mlango. Jana nimelaza kiganja ukutani, nikafumba macho, nikasema hapa. Ilikuwa pale, mbali kidogo. Mjomba akasema sikio linaanza kufunguka. Nimempelekea kitabu, tunasoma pamoja wakati wa chai, yeye anauliza na mimi naogopa. Na marahaba imeanza kuota mkia. Leo asubuhi: marahaba, umekula?

Nimejiapiza. Sitamkana tena Mjomba maishani, mbele ya mtu yeyote, awe mkurugenzi, awe nani.

Jioni Kichwa amerudi kutoka kituo cha umeme. Hoi. Wiki nzima amehesabu nguzo. Kofia wamemvua siku ya kwanza, kwa sababu pale kofia ya njano ni ya wageni, na mgeni haruhusiwi kugusa kitu. Alikaa kitandani, akaniuliza kwa unyonge habari za ghorofa ya tisa. Nilimhurumia. Ningeweza kumwambia ukweli, tukacheka wote wawili, tukalala. Nilifungua mdomo nimwambie.

Ukaondoka.

Nikasema nasimamia usafiri wa wima wa jengo zima. Nikasema ofisi yangu iko juu ya ghorofa ya tisa, na Mkurugenzi mwenyewe ameketi chini yangu. Chumba cha mashine kiko juu ya ghorofa ya tisa. Hapo sikudanganya. Akauliza kama nina watu wa kufanya nao kazi. Nikasema ninaye fundi mmoja. Mzee mzee, mtiifu, namfundisha kidogo kidogo.

Kichwa anakuja Jumatatu saa nne kuniona kazini. Anataka tupige picha.

Nimefikiri vya kutosha. Mlinzi hana tabu, nikitokea bila sanduku ananipigia saluti mwenyewe. Mpokezi hashuki chini kabla ya saa saba. Kilichobaki ni Mjomba. Kesho nitakwenda nyumbani kwake. Nitamwamkia vizuri, nitamsaidia chochote anachotengeneza, kisha nitamwomba, kwa dakika kumi tu, ajifanye hanijui.

Naona aibu hata kuandika. Lakini atakubali, ni mtu mwelewa. Alishafanya mara moja, bila hata mazoezi, na alifanya vizuri sana.